Breki za Nissan Leaf zinapolia: uzoefu wangu hapa Mombasa

Niseme mapema kabisa, kama una Leaf na breki zinalia, usikubali kuuziwa pedi wala diski kabla fundi hajafungua gurudumu akachomoa zile pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ukaziona kwa macho yako. Nimelipia breki mara mbili kujua hilo, na nikitafuta habari za breki za gari ya umeme kwa Kiswahili sipati kitu, ndo maana naandika.

Gari yangu ni Leaf ya kilowati-saa 30, imetoka Japani ikiwa imetumika. Naishi Likoni, kazi iko kisiwani, kwa hivyo navuka na feri karibu kila siku ya kazi, na hili la feri lina maana kubwa kwenye hii habari manake wakati wa bamvua maji ya bahari yanapanda mpaka pale magari yanapoingilia, unapita magurudumu yanalowa maji ya chumvi, halafu unapanda unazima unasubiri, ukifika ng'ambo unatambaa kwenye foleni, ukifika kazini unaegesha mpaka jioni. Hapo diski zimelowa chumvi na hazijapata joto la kuzikausha.

Kelele ilianza kidogo kidogo. Asubuhi ukikanyaga breki ya kwanza inakwaruza, ya pili inakwaruza kidogo, ya tatu kimya. Hiyo sikuijali, ni kutu ya juu tu, diski za chuma cha kusubu zinashika kutu hata kwa usiku mmoja wa unyevu na pedi zinaifuta. Lakini baadaye ikawa mlio mwembamba, kwiiii, kila nikipunguza mwendo kukaribia kusimama, tena kwenye foleni ya feri ambapo kila mtu amefungua vioo. Halafu nyuma upande wa kulia kukazuka msuguano, krr krr krr, hata nikiwa sijakanyaga breki. Na gari haina mngurumo wa injini wa kuficha chochote, kila kitu unakisikia.

Sasa kwa nini gari ya breki nzuri hivi ilie? Ukiachia mafuta (naita hivyo kwa mazoea) au ukikanyaga breki taratibu, mota inageuka kuwa jenereta, inazuia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi zinaguswa kidogo sana au hazishiki kabisa. Zinashika ukikanyaga kwa nguvu, na kwenye ule mwendo mdogo wa mwisho mwisho gari ikikaribia kusimama, kwa sababu mota ikizunguka polepole haina tena nguvu ya kuzuia. Ndo maana kelele unaisikia kwenye mwendo mdogo. Ukiweka gia kwenye B badala ya D ya kawaida ndo mota inafanya kazi zaidi na pedi zinapumzika zaidi. Mimi nilikuwa kwenye B muda wote kwa sababu inanisaidia chaji, na kwa foleni za mjini ni raha tupu.

Kwa hivyo breki za gari ya umeme zinaharibika kwa kukaa bure. Kwenye gari ya petroli pedi zinaisha kwa kutumika, kwenye Leaf zinaweza kukaa miaka na miaka zikiwa nene, huku diski inashika kutu, uso wa pedi unakuwa mgumu na kung'aa, na pini zinakauka grisi. Weka chumvi ya bahari juu yake. Kuna wakati niliona nikichaji mpaka betri ikajaa kabisa, asubuhi kelele inakuwa nyingi zaidi, na sababu ni hiyo hiyo, betri ikijaa haina pa kuweka umeme unaorudi, gari inapunguza nguvu ya mota kuzuia na pedi ndo zinabeba kazi.

Gereji ya kwanza (siitaji jina) ilinivunja moyo. Fundi alikaa ndani ya gari, akazunguka nayo kidogo, akashuka akaniambia, "Dada, pedi na diski zote za mbele zimekwisha." Hakufungua hata tairi moja. Nikamwambia afungue kwanza nione. Kufungua, pedi ziko nene, diski ina kutu pembeni na mstari mstari lakini haijaisha. Akasema basi tubadilishe pedi tu, na kwa vile zilikuwa zimeng'aa kweli nikakubali. Akaweka pedi za bei rahisi, hakusugua chochote, hakugusa pini, zile klipu za chuma zinazoshika pedi akazirudisha na kutu yake. Nyuma, ambako ndo kulikuwa na ule msuguano, hakuangalia kabisa. Kimya kilikaa muda mfupi, kisha mlio ukarudi mkubwa kuliko wa kwanza. Nilirudi nikaambiwa hizi gari za umeme ndo zilivyo. Si kweli, na jibu kama hilo linaumiza kwa sababu mtu anaweza kuendelea kuendesha hivyo hivyo na kumbe gurudumu moja breki imekwama.

Fundi wa pili nilielekezwa na dereva mwenzangu tulokutana kwenye feri, naye ana Leaf. Huyu kwanza aliniuliza maswali: inalia asubuhi tu au siku nzima, ikikanyagwa au hata isipokanyagwa, mbele au nyuma, naosha gari wapi, naegesha na breki ya mguu (yaani ile ya kuegeshea, kwenye Leaf yangu inakazwa kwa mguu)? Kisha akainua gari, akazungusha gurudumu moja moja kwa mkono. La nyuma kulia lilikuwa zito. Akafungua, akanionyesha pedi ya ndani imeliwa mpaka karibu na bati lake la chuma na ya nje bado nene. Hapo hata asiyejua gari anaelewa kwamba kalipa haitelezi. Kalipa ya Leaf inakaa kwenye pini mbili, pistoni inasukuma pedi ya ndani na kalipa yenyewe inateleza kuvuta ya nje, sasa pini ikikwama kwa kutu pedi moja inabeba mzigo wote na haiachii vizuri. Pini ya chini alitoka nayo kwa kugonga na kuzungusha, imejaa kutu nyekundu na grisi iliyogeuka unga.

Kazi aliyofanya ni hii. Alitoa pini zote za magurudumu manne, akazisugua kwa msasa laini mpaka zikateleza kwa kidole, akasafisha matundu yake, akapaka grisi ya silikoni, ile ya breki. Msisitizo wake ulikuwa hapo, grisi ya kawaida ya bearingi ama oili inavimbisha ile mipira ya kuzuia vumbi na baada ya muda pini inakwama vibaya zaidi. Akasugua pale klipu zinapokaa kwa brashi ya waya, akaweka klipu mpya. Pedi za nyuma tulibadilisha, za mbele zile za bei rahisi tukazitoa tukaweka za seramiki. Diski akazipima unene, na kipimo cha chini kabisa kimechongwa kwenye diski yenyewe, mwambie fundi akuonyeshe. Za mbele zilitosha, za nyuma zilikuwa na mashimo ya kutu zikapelekwa kukerezwa kidogo na bado zikabaki juu ya kipimo. Mafuta ya breki pia akabadilisha, yalikuwa yamegeuka kahawia, na mafuta hayo yanavuta unyevu hata kama hutumii breki, kwa hivyo miaka miwili hivi inatosha.

Leba ya kusafisha na kupaka grisi magurudumu yote ilikuwa elfu tatu, pedi na kukereza mbali. Ukilinganisha na diski mpya za mbele nilizotaka kuuziwa kule mwanzo, ni tofauti kubwa sana.

Pedi mpya lazima zikubaliane na diski. Tulienda barabara ya Dongo Kundu asubuhi mapema, magari machache, tukawa tunapandisha mpaka sitini hivi, tunakanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka inabaki kama kumi, bila kusimama kabisa, tunarudia, kisha tunaendesha bila kugusa breki zipoe. Na hapa ndo akanifundisha jambo ambalo naona kila mwenye gari hii alijue: ukiweka N gari ikiwa inatembea, mota haizuii tena, breki inayofanya kazi ni ya pedi peke yake. Kwa hivyo mara moja kwa wiki, barabara iliyonyooka na hakuna mtu nyuma, naweka N na kupunguza mwendo kwa breki mara kadhaa, kutu inafutika, narudisha D. Usifanye kwenye mteremko wala kwenye foleni.

Hii si shida ya Leaf peke yake. Volkswagen ID.3 na ID.4 zimewekewa breki za dramu nyuma, mojawapo ya sababu ni hii hii ya breki kutumika kidogo na kushika kutu. Tesla nao wanawaambia wenye magari yao sehemu ambazo barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi wasafishe na kupaka grisi kalipa kila mwaka au kila kilomita 20,000. Sisi chumvi yetu inatoka baharini na haina msimu, basi mimi nimeshika huo huo mwaka mmoja.

Mambo mengine nilobadilisha ni madogo. Nikitoka kuosha gari siendi kuegesha moja kwa moja, nazunguka kwanza nakanyaga breki mpaka diski zikauke. Nyumbani pametulia tambarare, kwa hivyo usiku wa mvua naacha P bila kukaza breki ya mguu ili pedi za nyuma zisigandane na diski. Kwenye mteremko nakaza kama kawaida, usalama kwanza.

Na kama ni msuguano wa chuma kwa chuma usioisha, au gari inavuta upande mmoja, au rimu moja ina joto na nyingine hazina, usisubiri mwisho wa mwezi, paki umuite fundi. Mlio mwembamba wa mfululizo nao unaweza kuwa ni kile kibati cha pedi kinachogusa diski kukuambia pedi imeisha. Wakati mwingine ni kijiwe tu kimeingia kati ya diski na bati la nyuma yake, kinatolewa kwa dakika chache, kwa hivyo usiingie hofu kabla hujaangaliwa.

Pedi za bei rahisi nazipa moja kwa tano. Za seramiki nne, ni kimya na hazichafui rimu, ila zikiwa baridi kabisa asubuhi zinahitaji mguu mzito kidogo. Kazi ya fundi wa pili tano kwa tano, na sababu kubwa ni kwamba kila alichokitoa alinipa mkononi nikakiona kabla ya kuniambia bei.