TAHADHARI: Matapeli wa "kuziba paa milele" kwenye nyumba za kuhamishika

Wakuu, mnaoishi kwenye nyumba za kuhamishika (mobile home) za zamani, hasa zile za paa la bati, kaeni chonjo. Kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba na ngazi juu ya gari. Watakwambia wamemaliza kazi hapo jirani, dawa ya paa (rangi nzito ya kuzuia kuvuja) imebaki, kwa hiyo wanakufanyia nusu bei, lakini ni leo tu, kesho hawapo. Hilo la kesho hawapo ndilo neno pekee la kweli utakalolisikia kwao.

Walimpata mama mmoja jirani yangu. Dari la chumba chake lilikuwa na madoa ya kahawia na nyuma ya kabati ukungu ulishaanza kuota. Ndani hawakuingia kabisa. Mmoja alipanda juu, akashuka na picha kwenye simu: bati limepasuka, kutu imelila. Mama wa watu akashtuka, akatoa hela taslimu yote kabla ya kazi. Baadaye alinionyesha ile picha, maana walimwachia. Ina kivuli cha mti juu ya bati. Nyumba yake haina mti karibu hata wa dawa.

Kazi yenyewe walijaza ndoo maji ya bomba, wakakoroga, wakapitisha rola juu ya vumbi na majani makavu, wakaondoka. Ukikwangua kwa ukucha inabanduka kama ganda la kitunguu. Na kibaya kuliko vyote, walipaka mpaka kwenye matundu ya hewa ya paa, wakayaziba kabisa. Baridi ilipoingia, dari likaanza kudondosha maji kuliko mwanzo.

Hapa ndipo wanapowashika watu, kwa hiyo nieleze kidogo. Si kila doa la dari ni paa linalovuja. Nyumba hizi nyingi nafasi kati ya dari na bati ni finyu, na sufi ya kuzuia baridi ni nyembamba au imeshabonyea. Mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo ndani hupanda kupitia mianya ya taa na feni, ukikutana na bati la baridi unageuka maji, yanadondoka. Matundu ya hewa yapo ili mvuke huo utoke. Ukiyaziba, umeufungia ndani.

Kwa hiyo kabla hujamsikiliza mtu, angalia maji yanakuja lini. Yakitoka asubuhi ya baridi kali na mvua haijanyesha, basi karibu hakika ni jasho la bati. Yakifuata mvua, tafuta kwenye maungio, kando ya mabomba yanayotoboa paa, na kwenye skrubu zilizochakaa mpira. Kama huna uhakika, mwagia paa maji kwa mpira siku kavu, anza chini ukienda juu taratibu, na mtu awe ndani na tochi. Jasho la bati halizibwi kwa rangi, hata iwe nzuri namna gani.

Sisemi dawa za paa ni utapeli. Zipo nzuri. Ila ya akriliki inataka paa lioshwe, likauke, kutu ishughulikiwe, maungio yazibwe kwanza kwa utepe wa butili (mpira unaonata), kisha kwa kawaida ipakwe mara mbili, na isipigwe na mvua wala umande kabla haijakauka. Maji yanayotuama haiyapendi. Ya silikoni inavumilia maji kutuama, lakini ukishaipaka, karibu hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake isipokuwa silikoni nyingine. Fundi wa kweli atakwambia anapaka ipi na kwa nini. Akijibu kuwa ni mchanganyiko wao wa siri, mfungulie mlango aende.

Dai ndoo zije zimefungwa. Lebo huwa inaeleza ndoo moja inatosha eneo kiasi gani, sasa piga hesabu na ukubwa wa paa lako. Kaja na ndoo mbili kwa paa zima? Hapo unanunua maji. Na ile "dhamana ya maisha" muulize ni maisha ya nani. Mara nyingi ni ya kampuni, nayo hufa wiki hiyo hiyo.

Kwa mlioko Marekani: nyumba zilizojengwa kabla ya Juni 15, 1976 zilitangulia viwango vya shirikisho vya HUD (wizara ya nyumba ya Marekani), kwa hiyo kilichomo juu ya dari hutofautiana sana. Anayekupa jibu bila kuchungulia ndani anabahatisha. Pia, kwa kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC), mauzo mengi yanayofanyika nyumbani kwako unaweza kuyavunja ndani ya siku 3 za kazi, na muuzaji anapaswa kukupa fomu ya kufutia. Ukiona karatasi inayosema eti umewaita mwenyewe kwa dharura na umeachia haki hiyo, usisaini.

Yule mama alipata fundi mwingine. Kitu cha kwanza huyo aliomba kuona bafu. Bomba la feni lilikuwa linaishia ndani ya dari, halitoki nje, kila akioga mvuke wote unabaki mle. Akalitoa nje, akafungua matundu, akaondoa sufi iliyolowa. Nunua na kipima unyevu, ni kidude kidogo tu: ndani ukikaa kati ya asilimia 30 na 50 uko vizuri. Kitu kikilowa, kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, ukungu usipate nafasi.

Kama wameshakupitia, piga picha paa lote, tunza ndoo waliyoacha na ujumbe wote wa simu, karipoti, na fungua matundu kabla baridi haijaanza. Gari la hawa lilikuwa jeupe, jina la kampuni limebandikwa mlangoni kwa sumaku, la kubanduliwa wakati wowote. Wakifika kwenu, piga picha ya namba ya gari kabla hawajashusha ngazi.