Ziara ya kumwona mwanamke sili kule Kalsoy: hela kamili, hadithi nusu

Mie naishi Copenhagen, na kila mgeni akija kutoka nyumbani lazima nimpeleke ufukwe wa Langelinie akaione ile sanamu ya nguva wao maarufu, na kila mgeni anauliza swali lilelile, "ndo haka?" Maana ni mita 1.25 tu, kamekaa juu ya jiwe tangu 1913 watu wanasukumana kupiga nako selfi. Sasa nikasikia visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme huuhuu wa Denmark, kwenye kisiwa cha Kalsoy kuna sanamu nyingine ya mita 2.6, ya mwanamke sili (sili ni yule mnyama wa baharini), basi Julai nikakata tiketi, masaa mawili na kitu kwa ndege.

Ziara niliilipia mtandaoni, kampuni naliacha jina. Basi dogo lilitutoa Tórshavn, mji mkuu wa visiwa hivyo, asubuhi mpaka mji wa Klaksvík, tukapanda kivuko dakika kama 20 tukashukia Syðradalur, hapo ndo Kalsoy, afu yakaanza mahandaki, jamani yale mahandaki! Njia ya gari moja, giza totoro, mkikutana na gari lingine mmoja ajibanze pembeni. Wenyewe wanakiita kisiwa filimbi kwa matundu hayo. Dereva alikuwa mtulivu, huyo nampa maksi zote.

Mikladalur ni kijiji kidogo juu ya jabali, unashuka ngazi nyingi zimelowa, pembeni maporomoko ya maji, na chini kabisa kwenye mwamba kasimama yeye, Kópakonan, mwanamke kavua ngozi yake ya sili. Ukweli kitu cha kwanza nilichoangalia ni miguu, kwetu Tanga mwanamke mzuri ukimkuta peke yake ufukweni usiku unaangalia kwanza kama hana kwato. Huyu ana miguu kama sisi. Nilimgusa, baridi kama samaki wa kwenye friza. Kawekwa 2014, ana kilo 450, na mwaka uliofuata wimbi la mita 11.5 lilimpitia juu akabaki palepale. Hapo sina la kulalamika, nyota tano.

Shida ni mtembezaji wetu. Kaanza vizuri, kwamba sili ni watu waliojitosa baharini kwa hiari yao, na usiku mmoja kwa mwaka baada ya Krismasi wanapanda nchi kavu, wanavua ngozi, wanacheza ngoma mpaka alfajiri. Kijana wa hapo kijijini akaiba ngozi ya binti mmoja, akaifungia kwenye kasha, ufunguo ukawa haumtoki kiunoni, wakaoana wakazaa. Siku moja mume yuko baharini anavua samaki, anapapasa kiuno, ufunguo hana. Karudi mbio kakuta mke kachukua ngozi yake karudi baharini, watoto wako peke yao, moto umezimwa na visu vimefungiwa ili wasijidhuru. Mie hapo kwenye visu nilishikwa na donge kooni, mama anakimbia lakini kwanza anafungia visu, na kabla sijameza mate jamaa kaangalia saa, "haya twendeni, tutaachwa na kivuko." Dakika 25 tu, safari ya kutwa nzima!

Kilichobaki nilimaliziwa na mama mmoja wa hukohuko tuliyekaa naye kwenye kivuko. Kumbe miaka ikapita, wanaume wa kijiji wakapanga kwenda kuwinda sili pangoni, yule mwanamke akamtokea mumewe ndotoni, akamwomba asimuue dume lililo mlangoni maana ni mume wake wa baharini, wala watoto wawili walio ndani. Mume hakumsikiliza, wakawaua. Usiku nyama iko mezani, kichwa cha dume na viungo vya watoto, akaingia yule mwanamke mwenyewe kwa sura ya zimwi akawaapiza wanaume wa kijiji wafe maji na wadondoke majabali mpaka maiti zao zikishikana mikono ziweze kukizunguka Kalsoy chote. Sasa hiyo ndiyo hadithi, ile ya mtembezaji ilikuwa ya kuuzia kadi za posta.

Kwa hiyo ziara naipa nyota mbili, moja ya dereva. Nenda mwenyewe, basi la umma linapita Mikladalur, na ukipanda kivuko kwa miguu huhitaji kukaa kwenye foleni ya magari ambayo kiangazi inakuwa ndefu maana kivuko ni kidogo. Soma hadithi yote kabla. Na viatu visivyoteleza, zile ngazi hazina utani.