Matairi ya bagi ya mchangani yenye injini ndogo: lipi ununue, lipi uliache dukani

Mwenye bagi, yaani gari jepesi la wazi la kukimbizia mchangani, ya injini ndogo akiingia duka la matairi, jicho humpeleka kwenye lile kubwa kuliko yote, pana, lenye meno ya kutisha. Nami lilinipeleka huko huko. Nilinunua mawili ya kipenyo cha inchi 31, nikayafunga nyuma ya bagi yenye injini ya Volkswagen Beetle ya cc 1300. Kilima cha mchanga nilichozoea kukipanda kwa gia ya pili kikanishinda hata kwa gia ya kwanza. Injini ilikuwa nzima, klachi nzima. Nguvu ilikuwa ikimezwa na matairi kabla haijafika mchangani.

Ndiyo maana siwezi kuanza na meno. Kwa bagi yenye nguvu za farasi kati ya 10 na 60 hivi, tazama kwanza kipenyo na uzito wa tairi, halafu ulaini wa mbavu zake. Meno yafuate baadaye. Wepesi ndio mtaji wa bagi tangu mwanzo: Meyers Manx, aliyoibuni Bruce Meyers kule California mwaka 1964, ilijengwa juu ya mitambo ya Beetle, na mwaka 1967 Manx moja ilishinda mbio za kwanza za Mexican 1000 katika rasi ya Baja California, ikiyaacha nyuma magari yenye injini kubwa zaidi. Ukiipa bagi kama hiyo matairi mazito, umeinyang'anya kile kimoja ilichowazidi wenzake.

Tairi ni gia

Tairi la asili la Beetle, yaani 5.60-15 au 165R15, lina kipenyo cha inchi 25 hadi 26. Difu ya Beetle ya 1300, yaani gia ya mwisho kabla ya magurudumu, ina uwiano wa 4.375. Ukivua tairi la inchi 26 ukavisha la inchi 31, ni kama umeing'oa difu hiyo ukaweka ya 3.67. Kila gia inarefuka kwa asilimia 19 hivi, na msukumo unaofika ardhini unapungua kwa asilimia 16. Injini ya farasi 200 haitaona tofauti kubwa. Ya farasi 40 itaishiwa pumzi pale unapoihitaji zaidi, kwenye mwinuko laini, mahali ambapo sekunde moja ya kubadilisha gia inatosha kukata mwendo. Na mwendo ukikatika mchangani, umekwama.

Kuna na uzito. Tairi la 165R15 lina kilo 7 au 8 hivi, wakati la matope la 31x10.50R15 hufika kilo 20. Kilo iliyo ukingoni mwa gurudumu ni ghali kuliko kilo iliyo kwenye kiti, kwa kuwa injini inaisukuma mbele na wakati huo huo inaizungusha. Unapokanyaga mafuta, kilo ya nje kabisa ya tairi hudai karibu mara mbili ya nguvu inayodaiwa na kilo iliyotulia kwenye bodi.

Kwa hiyo usivuke kipenyo cha asili kwa zaidi ya inchi moja, au moja na nusu ukilazimika. Kwenye rimu ya inchi 15, 205/70R15 lina inchi 26.3 na 205/75R15 lina inchi 27.1. Likifika 215/75R15 ni inchi 27.7, limeshavuka mpaka, na mimi siligusi. Ukikuta namba nyingine dukani, piga hesabu mwenyewe: upana (namba ya kwanza) zidisha kwa asilimia ya ukuta (namba ya pili), zidisha kwa 2, ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi 15 ni milimita 381), kisha gawa kwa 25.4.

Kabla ya kutoa pesa, toa upepo

Jaribu hili kwanza na matairi uliyonayo. Chukua bagi ya kilo 600, injini ikiwa nyuma, ambayo asilimia 60 ya uzito imeegemea magurudumu ya nyuma. Kila gurudumu la nyuma linabeba kilo 180, kama ratili 400. Kwa upepo wa PSI 20 (ratili 20 kwa kila inchi ya mraba), alama ya tairi ardhini ni takriban inchi 20 za mraba. Shusha hadi PSI 10 na alama hiyo inakaribia inchi 40. Umepata tairi "pana" mara mbili bila kununua chochote. Tena alama hiyo hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka, jambo jema mchangani, kwani tairi halisukumi rundo pana la mchanga mbele yake.

Lakini tairi lazima likubali kubonyea. Soma namba ya uwezo wa kubeba ubavuni: 86 ni kilo 530, 97 ni kilo 730, na 109 ni kilo 1030. Tairi la 109 limeundwa kwa pikapu iliyojaa mizigo. Likibebeshwa kilo 180 linakaa kama gogo, hata ukilipunguzia upepo namna gani. Kwa bagi, namba ndogo ndiyo unayoitafuta, na sijui muuzaji yeyote anayeanza na jambo hilo.

Bila rimu zenye pete ya kubana tairi, usikimbilie kushuka chini ya PSI 10, maana ukikata kona kwa nguvu tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Rimu nyingi za zamani hazina tuta la ndani la kulizuia, hivyo zinahitaji tyubu. Tyubu nayo ina hatari yake: tairi likiteleza kwenye rimu kwa upepo mdogo, linaivuta tyubu na kung'oa valvu.

Mpangilio wangu, kwa bagi yenye rimu za inchi 15

*La kwanza: tairi jepesi la gari dogo lenye meno yaliyoachana.* Ninamaanisha yale yenye alama ya M+S (matope na theluji), hasa ya majira ya baridi, katika saizi ya 165R15 hadi 205/75R15. Mpira wake ni laini, mbavu zake nyembamba, meno yake yana nafasi ya kutema udongo. Kwenye changarawe, udongo, majani na mchanga wenye unyevu, sijaona kinacholishinda kwa bagi ya farasi 40. Kosa lake ni kwamba huisha upesi likiendeshwa sana kwenye lami ya joto. Kama bagi yako hupita barabarani kila siku, hilo litakuuma. Kama inatoka mwisho wa wiki tu, nunua hili ufunge mjadala. Angalia tu upana wa rimu: ile ya asili ya Beetle ya inchi 4 inafaa 165, lakini 205 inataka inchi 5 au zaidi.

*La pili: tairi pana la barabarani lililochakaa meno.* Najua wengi watashangaa. Mchanga mkavu hauna kitu cha kung'atwa. Meno makali yanauchimba, gurudumu linajizika, na injini ndogo haina nguvu ya kulifukua. Tairi lililokaribia kuwa kipara linaelea juu. Ndilo la bei rahisi kuliko yote katika orodha hii, na kwa anayezunguka mchangani tu, halitamwangusha. Kwenye matope au majani yaliyolowa halina msaada kabisa, na halifai hata kidogo barabarani. Kuchakaa ninakokuruhusu ni kwa meno peke yake. Ubavu wenye nyufa ukiendeshwa kwa upepo mdogo utapasuka.

*La tatu: makasia mafupi.* Tairi la makasia ni jepesi, laini, lenye mabapa ya mpira yaliyolala kukingama upana wa tairi kama makasia ya mtumbwi, na linasukuma mchanga kwa namna ile ile kasia linavyosukuma maji. Mchangani hakuna linaloshika kuliko hili. Kwa nini basi nimeliweka la tatu? Kwa sababu tairi lenye meno kiasi likiteleza, injini inapata kupumua, lakini kasia halitelezi kirahisi. Likishika, linataka nguvu hapo hapo, na injini ikiwa haina, inazima au klachi inaanza kunuka. Kadiri makasia yanavyokuwa mengi na marefu, ndivyo yanavyodai zaidi. Kwa farasi 40 hadi 60, chagua machache, yenye kimo cha nusu inchi hadi robo tatu ya inchi, na kipenyo kisichozidi cha asili. Muuzaji akikuambia "chukua makubwa, utakua nayo", mshukuru uondoke. Yafunge upande wake: ukitazama juu ya tairi, sehemu ya kasia iliyobonyea ielekee mbele ya gari. Na yasafirishe kwa trela hadi mchangani. Kilomita chache za ardhi ngumu zinatosha kuyakata ncha, tena mengi yana maandishi NHS, maana yake si ya barabara kuu.

*La nne: tairi la ardhi mchanganyiko, yale ya A/T, la gari dogo.* Ni tairi zuri, zito kidogo kuliko ningependa. Kwa aliye na injini ya 1600 na mawe mengi njiani, nalipandisha hadi la pili, maana mbavu zake huvumilia mkwaruzo. Epuka yenye herufi LT (za pikapu) mbele ya saizi.

*La mwisho: tairi kubwa la matope.* Nimeshaeleza lilivyonifanya. Uzito wake unachosha pia mabearingi, usukani na breki zilizoundwa kwa tairi la kilo 8.

Bagi ndogo za cc 150 hadi 250

Hizi zina familia yao ya matairi, yale ya ATV (pikipiki za magurudumu manne), na saizi husomwa kwa njia nyingine: 22x10-10 ni kipenyo cha inchi 22, upana wa inchi 10, rimu ya inchi 10. Hapa sheria ya kipenyo inauma zaidi, kwani injini ya cc 150 ina farasi 10 au pungufu, na tairi likizidi, mkanda wa CVT (gia inayojibadilisha yenyewe) ndio unaoteseka: unateleza, unapata moto, unakatika. Baki kwenye saizi iliyokuja nayo. Chagua lenye meno mafupi yaliyotawanyika, na daraja la nyuzi 2 au 4. La 6 ni gumu mno kwa gari jepesi hivyo. Upepo wake ni mdogo sana, kati ya PSI 3 na 7, kwa hiyo usitumie geji ya gari la kawaida, itakudanganya.

Mbele ni kazi nyingine

Magurudumu ya mbele ya bagi yenye injini nyuma hayasukumi, na hayabebi uzito mkubwa. Kazi yake ni kukata njia. Tairi pana mbele huelea, nawe unazungusha usukani gari likiendelea kwenda moja kwa moja kuelekea kichakani. Weka jembamba. Mchangani, zuri kuliko yote ni lile laini lenye mstari mmoja uliosimama katikati kuzunguka tairi lote, kama mkuku wa chombo: linapasua mchanga na halikubali kupelekwa pembeni. Tairi la mbele la trekta lenye mistari 3 linafanya kazi inayofanana, lakini soma ubavu wake. Alama ya A8 inaruhusu kilomita 40 tu kwa saa.

Kwa matumizi ya mchanganyiko, 165R15 la kawaida linatosha mbele.

Ukiwa dukani

Tafuta namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi kwenye rafu limekauka hata kama linang'aa, na ukavu huo unaua ule ulaini unaoulipia. Likunje ubavu kwa mikono miwili. Lisipotikisika kabisa, si la bagi yako. Liinue pia, na kama duka lina mizani, lipime. Uliza na rimu kabla hujalipa: Beetle za zamani zina boliti 5 kwenye duara la milimita 205, na kuanzia modeli za 1968 nyingi zina 4 kwenye milimita 130.

Pesa zikitosha matairi mawili tu, nunua ya nyuma, yale ya mbele yaendelee kusubiri. Zikibaki kidogo, zinunue geji inayosoma vizuri chini ya PSI 15 na pampu ya kubeba garini, ili ukitoka mchangani ujaze upepo kabla ya kugusa lami. Tairi lenye PSI 10 likikimbizwa kwenye lami linapata moto mbavuni, na jepesi kama hili halichukui muda kuchanika.