Nilienda York kujifunza kupokea simu

Kiingereza changu kilikuwa cha barua pepe. Ukiniandikia, nakujibu vizuri mpaka unadhani nimesomea nje. Ukinipigia, simu nampa mwenzangu. Nina miaka tisa kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, kitengo cha kupanga safari za wageni, na ndani ya miaka hiyo nimetumia kila kisingizio: mtandao unakatakata, niko barabarani, niandikie tafadhali nisije nikakosea tarehe. Halafu bosi akaniambia nafasi ya kuongoza kitengo iko wazi, ila anayeongoza ndiye anayepokea simu za malalamiko. Hapo nikaanza kuhangaika.

Kozi za jioni za mjini nimesoma mbili. Walimu hawakuwa na shida. Shida ilikuwa sisi wenyewe darasani. Kiswahili hakina "he" wala "she", sote ni "yeye", kwa hiyo kila mtu lazima ateleze. Na kila anayeteleza anachekwa mpaka anatamani kuingia chini ya dawati. Mwisho wa siku watu wanakaa kimya na Kiingereza chao cha kuombea maji, wanasubiri cheti.

Nilichokikuta mtandaoni ni likizo ya namna yake: unakaa nyumbani kwa mwalimu Uingereza, unakula wanachokula, asubuhi anakufundisha peke yako kwa masaa matatu, mchana mnatoka mjini. Wakala, ambaye jina lake nitalihifadhi, alinitumia fomu ndefu ya maswali. Kazi yako nini, unapenda nini, huli nini. Kwenye lengo nikaandika kuboresha Kiingereza, kama anavyoandika kila mtu. Nikafuta. Nikaandika: nataka kuweza kupokea simu ya mteja aliyekasirika. Kama kuna ushauri mmoja utauchukua kwangu, ni huo. Andika kitu chenyewe kinachokutoa jasho.

Bei ilikuwa paundi 1,050 kwa wiki, chakula na kulala humo humo. Nilichukua wiki mbili, ofisi ikalipa nusu. Visa ya mgeni mwaka huo wa 2025 ilikuwa paundi 127, ongeza basi la kwenda Dar kutoa alama za vidole na kurudi. Jambo moja niliulizia nikiwa nimeshalipa malipo ya awali, nikakosa usingizi siku mbili: visa ya mgeni inakuruhusu kusoma mpaka miezi sita, ila anayekufundisha lazima awe chini ya taasisi iliyothibitishwa. British Council, shirika la Uingereza la lugha na elimu, huwakagua na kuwathibitisha hata hawa wa kufundisha majumbani. Wa kwangu walikuwa na uthibitisho. Wewe uliza kabla ya kutoa hela.

Kutoka stesheni ya King's Cross, London, mpaka York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ni kama masaa mawili kwa treni. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, rika la mama yangu mzazi, na mume wake alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Mtihani wa kwanza haukuwa wa sarufi. Walitaka niwaite kwa majina yao ya kwanza. Mimi, mtoto wa Meru, nimwite mtu wa rika la mama kwa jina tupu? Siku tatu nzima nilimwita "Madam", yeye anacheka, ananiambia hiyo ni ya malkia. Mwishowe nikawa naanza sentensi bila kumwita chochote. Mzee wake nilimwita Baba, kwa Kiswahili, akalipenda mpaka akawaambia majirani.

Jioni ya kwanza Baba akaniuliza, "What do you want for your tea?" Nikamjibu maziwa na sukari mbili. Kumbe kule kaskazini "tea" ni chakula cha jioni, aliuliza nitakula nini. Jumapili nikaambiwa kuna Yorkshire pudding, nikaacha nafasi tumboni ya kitu kitamu. Ikaja pamoja na nyama, imejaa mchuzi, haina hata chembe ya sukari. Na mtu wa dukani akikuambia "You alright?" hakuulizi afya. Mimi wa habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, nilimweleza muuza mboga wa soko la Shambles kwamba nimelala vibaya kidogo kwa sababu ya baridi. Alinisikiliza kwa adabu, masikini, foleni nyuma yangu inarefuka.

Sasa nije kwenye simu, maana ndicho nilichokilipia.

Jumatatu baada ya chai (chai yetu, ya asubuhi) mwalimu aliniacha jikoni, akapanda ghorofani na simu yake, akanipigia. Alijifanya mteja aliyefika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na sanduku gumu la magurudumu, kesho yake ana ndege ndogo ya kwenda Serengeti, na ameambiwa mwisho ni kilo 15 kwenye begi laini. Kwa nini hakuambiwa mapema? Aliambiwa, mara mbili, mimi mwenyewe ndiye ninayeandika hizo barua. Lakini nilishika simu nikawa bubu. Baada ya muda nikamsikia juu anaita, "Hello? Are you still there?"

Akashuka, akaniuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza: ukiongea na simu kwa Kiswahili, mwenzako anapoendelea kuongea, wewe unafanya nini? Nikajifikiria. Ninaitikia. Eeh, enhee, ndiyo, sawa, pole sana. Kwa Kiingereza nilikuwa kimya kama kaburi kwa sababu kichwani natafsiri, na mteja upande wa pili anadhani simu imekatika au nimempuuza, hasira inapanda. Kumbe miaka yote nilidhani nimepungukiwa maneno magumu, na nilichopungukiwa ni "eeh".

Wiki nzima ya kwanza tukafanya hilo tu. Aliniorodheshea vitikio vya Kiingereza, vile vidogo vidogo, nikawa naviweka huku yeye anafoka. Akanipa na sentensi za kununua muda, kama "Bear with me" (nivumilie kidogo) na "Let me just check that for you" (ngoja nikuangalizie), ambazo ukizisema unapata sekunde kumi za kufikiri na mteja anaona unamhudumia. Alinirekebisha pia mahali ambapo nilikuwa mkali bila kujua. "Naomba jina lako" ni heshima tupu. Mimi nilikuwa nasema "Give me your name", ambayo kwao ni amri, na sauti yangu ya upole haikusaidia chochote. Siku ya nne alifungulia redio na bomba la maji jikoni kwa makusudi, akanipigia tena. Siku ya tano alimpa simu Baba, na Baba ni mtu wa Yorkshire hasa, yaani wa mkoa ule wa York, kwake "nowt" ni hakuna kitu na "owt" ni kitu chochote. Niliomba arudie mara nne. Nilikuwa nimeshafundishwa namna ya kuomba, kwa hiyo sikuona aibu.

Mchana tulitembea. Mji wenyewe unamfaa mtu wa utalii: barabara zinaitwa "gate", kwa neno la Waviking waliouteka mji mwaka 866, na malango ya ukuta wa zamani ndiyo yanaitwa "bar". Nilimtafuta mlinzi wa Stonegate niulizie geti liko wapi, ikabidi nielekezwe kwamba nimesimama juu yake. Baba alinipeleka makumbusho ya reli, kuingia bure, akasimama mbele ya Mallard, kichwa cha treni ya mvuke kilichokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, akanisimulia kwa muda mrefu sana. Nilielewa nusu. Nilichokipenda kuliko vyote ni ibada ya jioni ndani ya York Minster, kanisa kuu la mji. Mchana kuingia kule ni kwa tiketi, ibada haina kiingilio. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa kwenye kwaya, na Zaburi ilipoanza kuimbwa taratibu nikajikuta naelewa kila neno, kwa kuwa nilishaijua kwa lugha yangu.

Kasoro zipo. Nililipia kuwa mwanafunzi pekee ndani ya nyumba. Wiki ya pili, siku nne za mwisho, akaletwa kijana wa Kiitaliano, na wakala hakuniambia lolote. Mwalimu naye aliambiwa siku moja kabla. Masomo ya asubuhi yaligawanywa, masaa yangu matatu yakawa mawili kasoro. Nilinuna. Kusema kweli, mezani kijana alinifaa: wageni wetu wengi ni Wajerumani na Waitaliano, na sikio langu lilihitaji Kiingereza cha mtu ambaye naye anahangaika nacho. Lakini hilo hawakulipanga kwa ajili yangu, walijaza kitanda. Safari ya kwenda Whitby, mji wa pwani, nayo, iliyokuwa kwenye ratiba, ikayeyuka hivyo hivyo.

Kama Kiingereza chako bado ni cha kuanza kabisa, paundi hizo usizipeleke huko, utazila kwa kujifunza vitu vya kitabuni ambavyo Arusha unavipata kwa bei ya nauli. Huduma hii ni ya mtu anayesoma na kuandika lakini mdomo umefungwa.

Nafasi niliipata. Simu ya kwanza ya malalamiko ilikuwa sanduku gumu la magurudumu, nisiseme uongo, nilicheka kimoyomoyo na mteja hakujua. Wakala nimemwandikia mara tatu kuhusu zile siku nne. Juzi nikampigia. Alinisikiliza, akaomba nimvumilie kidogo, akasema ngoja aniangalizie. Bado anaangalia.