Mark X inakudundisha? Saizi za matairi za kununua, kuanzia inayofaa zaidi hadi ya kuikimbia

Kwenye lami safi, Mark X haina mpinzani kwa bei yake. Tabu inaanza ukifika kwenye rasta, kiraka cha lami au kifuniko cha chemba kilichozama: dashibodi inalia, usukani unatetema, na abiria wa nyuma anauliza kama shokapu zimekufa. Wengi wanakimbilia huko huko kwenye shokapu. Wanabadili nne, wanaongeza na bushi, hela inatoka, gari linaendelea kudunda. Kabla hujafika huko, inama usome ubavu wa tairi. Ukikuta 235/45R18, sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Saizi hiyo ndiyo iliyofungwa kiwandani kwenye Mark X ya pili, familia ya X130 iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2019, kwa matoleo ya 350S na 250G S Package. Lakini 250G ya kawaida, bodi ile ile na injini ya 2.5 ile ile ya S Package, ilitoka na 215/60R16. Hapo Toyota wenyewe wameshakuonyesha njia. Ndiyo kanuni ninayoifuata kwa gari lolote la kispoti: usianze kwa kuuliza duka lina nini, anza kwa kuangalia toleo la bei ya chini la gari hilo hilo lilitoka na tairi gani. Wahandisi walishalijaribu, hesabu walishazipiga.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Kwenye 235/45R18, 235 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo inayokuwa urefu wa ubavu, 18 ni inchi za rimu. Kwa hiyo ubavu wako una milimita 106 hivi. Wa 215/60 una 129. Hizo milimita 23 za ziada ni mpira na upepo vinavyokaa kati ya rimu na shimo, na kiuno chako kinazihisi kila siku. Sasa piga kipenyo cha tairi zima: la 18 linafika milimita 669, la 16 linafika 664. Tofauti haifiki hata asilimia moja, kwa hiyo mshale wa spidi haudanganyi na gari halibadiliki kimo. Mchezo wote ndio huo: rimu inapungua, ubavu unapanda, kipenyo kinabaki palepale. Mafundi wengi wanaruhusu kipenyo kipishane hadi asilimia 3. Kwa gari lililo chini kama hili, mimi sipendi kuvuka 2.

Haya, twende kwenye saizi zenyewe.

Ya kwanza: 215/55R17

Kipenyo chake ni milimita 668, yaani karibu sawasawa na 235/45R18, na ubavu ni 118. Unapata milimita 12 za ziada. Kwa maneno zinaonekana kidogo, lakini ukipita kwenye rasta zilizopangwa tatu tatu utaona gari linazimeza badala ya kuzipiga. Naiweka juu ya 16 kwa sababu mbili. Kwanza, ukiingia kona kwa kasi bado gari linajibu haraka. Ubavu haujawa mrefu kiasi cha kupinda kabla gari halijageuka. Mtu aliyenunua Mark X badala ya Premio alitaka kitu hicho, na sioni sababu ya kumnyang'anya. Pili, rimu ya 17 ina nafasi zaidi kwa breki za matoleo ya S kuliko ya 16.

Tairi lenyewe si la kutafuta kwa tochi. Ndiyo saizi ya Camry nyingi za kuanzia 2012, kwa hiyo maduka mengi wanaliweka. Rimu ndizo zinazotaka uangalifu. Mark X inatumia nati tano, kipimo cha 5x114.3, na rimu za Crown za kizazi hicho zina kipimo hicho hicho; hizo ndizo za kutafuta Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi. Chukua yenye upana wa 7J au 7.5J, yaani inchi 7 au 7.5. Muuzaji atakuletea 8.5J yenye mdomo mpana kwa sababu inavutia, mwambie arudishe: tairi la 215 juu yake linavutika, ubavu unalala, na ile raha uliyokuja kuinunua inapotea.

Rimu ya mtumba usiilipie ikiwa imelala chini. Ipandishwe kwenye mashine ya balansi izungushwe bila tairi, nawe simama kwa nyuma uangalie ukingo wa ndani, si wa mbele uliopigwa rangi. Ukingo ukipanda na kushuka, rimu imepinda. Pitisha kidole kwenye ukingo huo wa ndani: ukigusa mstari ulioinuka, au doa moja limepigwa rangi mpya wakati kwingine kote pana vumbi jeusi la breki, hapo imechomelewa. Iache hapo hapo, hata akishusha bei.

Halafu ijaribu kwenye gari kabla hela haijatoka. Funga rimu tupu gurudumu la mbele, kaza nati mbili tatu, izungushe kwa mkono huku usukani umekatwa kushoto, kisha kulia. Kati ya spoku na kalipa ya breki kipande cha kadibodi kipite bila kukwaruza. Kwenye 350S usiruke hatua hii hata kama muuzaji anakuapia.

Ya pili: 215/60R16

Kwa ulaini peke yake hii ndiyo bingwa, na mwenye 250G ya kawaida aisome kama namba moja. 250G nyingi zilitoka Japani na 16 zikavalishwa 18 hapa nchini kwa ajili ya muonekano. Kama yako ni mojawapo, huhitaji kubuni chochote, unairudisha ilivyozaliwa. Kama safari zako zina kipande cha vumbi, yaani unakwenda kijijini kila mwezi au kiwanja chako kiko kule ambako greda hupita kabla ya uchaguzi tu, chukua hii na usisikilize maneno ya wapenda muonekano. Tairi la 16 pia kwa kawaida ni nafuu kuliko la 18 la kampuni ile ile, na shimo likikuvizia usiku rimu ina nafasi kubwa zaidi ya kutoka salama.

Unachotoa ni wepesi wa usukani. Gari linakuwa pole kidogo likigeuka, na kwenye mwendo mkubwa kuna chembe ya kuyumba kabla halijatulia. Kwa wenye S Package na 350S, msinunue seti kwa kusikia kwamba "Mark X inakubali 16". Jaribu rimu moja kwanza, kama nilivyosema.

Ya tatu: 225/50R18, kwenye rimu zako zile zile

Hii ni ya anayezipenda rimu zake na hataki kusikia habari ya kuziuza. Ubavu unapanda kutoka 106 hadi 112 na kipenyo kinakuwa 682, ongezeko la asilimia 2. Gari linainuka karibu milimita 7, jambo ambalo bampa ya mbele italifurahia kwenye matuta. Mshale ukisoma 100, kasi inakuwa kama 102, kumbuka hilo ukiona tochi ya trafiki. Tairi linapatikana, ndilo la C-HR. Lakini kama gari limeshushwa kwa springi fupi, usinunue kabla hujapima nafasi ya juu ya tairi la nyuma. Abiria wakijaa linaweza kugusa. Nafuu ipo, ila usitegemee miujiza.

Ya nne: baki na 235/45R18, badili aina ya tairi na upepo

Bajeti ikigoma, anzia hapa. Epuka tairi la spoti lenye ubavu mgumu. Uliza la safari, lililotengenezwa kwa utulivu. Na usichukue lililoandikwa XL kama huna sababu, kwani limeimarishwa kubeba mzigo mkubwa zaidi na mara nyingi ni gumu zaidi.

Ila jambo ambalo halina gharama ni upepo, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wa kando ya barabara. Ukimwambia "jaza", anakupiga 40 bila kuuliza gari gani. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna kibandiko kinachotaja upepo kwa kPa, maana gari limetoka Japani. Gawanya kwa 6.9 upate PSI. Kibandiko kikisema 230, hiyo ni PSI 33. Mtu aliyezoea 40 akishuka hadi 33 anaweza kudhani amebadilishiwa gari. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, siyo baada ya kutoka Kibaha juani. Na usishuke chini ya kibandiko ukitafuta ulaini zaidi. Tairi linachemka, linaliwa kingo, na shimo la kwanza linapinda rimu.

Za kuzikimbia: 19 na 20

245/35R20 ina ubavu wa milimita 86. Picha zinatoka vizuri.

Wenye magari mengine wanaweza kuitumia kanuni ile ile. Toyota 86 ya GT ilitoka na 215/45R17, ubavu wa milimita 97. Toleo la G lilitoka na 205/55R16, ubavu wa 113, na kipenyo kinapishana asilimia moja tu. Ukitaka 86 isiyovunja mgongo, jibu ni hilo. Kwa Impreza WRX STI yenye 245/40R18, ishia kwenye 17 ukitumia 235/45R17, na 16 uisahau, kalipa za Brembo haziruhusu. Wa Subaru pia mkumbuke kwamba gari linavuta magurudumu yote manne: matairi yote yawe saizi moja na yamelika sawa. Kununua mawili mapya ukaacha mawili vipara kunaitesa difu ya kati, na bei ya difu hiyo unaijua.

Dukani, ukishachagua saizi, soma namba inayofuata. 94 maana yake tairi linabeba kilo 670, 95 ni kilo 690; usishuke chini ya 94. Herufi H inatosha, ni ya hadi kilomita 210 kwa saa, na Mark X ya Japani imefungwa isivuke 180. Kisha tafuta DOT ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 1824 ni wiki ya 18 ya 2024. Mara nyingi namba hiyo iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo mwambie aligeuze. Tairi la mtumba kutoka Japani linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na umri wa miaka minane. Mpira ulishakakamaa, na mpira uliokakamaa unadunda hata ukiwa na ubavu wa milimita 129.

Jambo la mwisho ni nati, na duka la matairi ni nadra kukuambia. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati zenye washa bapa. Rimu za dukani, na za chuma, zinataka nati zenye ncha ya koni. Zikichanganywa zinakaza vizuri mbele ya macho yako, halafu zinalegea barabarani. Unaponunua rimu za mtumba dai na nati zake 20, zikazwe kwa spana ya kipimo hadi Nm 103, kisha zirudiwe ukishatembea kilomita 100 hivi.