Corvette nyeusi kutoka mbali: uzoefu wangu wa kuibebesha kwenye trela na kuipiga polishi

Gari lenyewe ni Chevrolet Corvette C7 (yaani kizazi cha saba cha Corvette), jeusi, gia za mkono. Ni la mkono wa pili lakini halijatembea sana. Nililinunua kwa mtu anayeishi mbali, na sikutaka safari yangu ya kwanza nalo iwe ya kula tairi na kupokea mawe kwenye bampa njia nzima. Kwa hiyo nikalipia huduma mbili: trela ya kufunikwa ya kulileta nyumbani, kisha fundi wa ditelingi, yaani wa kusafisha na kung'arisha gari kwa kina, wa kushughulikia rangi. Naandika kwa urefu kwa sababu maoni niliyoyasoma wakati natafuta yalikuwa ya "wako vizuri, nawapendekeza" na hapo basi. Mtu hajui wako vizuri katika nini.

Wa kwanza niliyezungumza naye kuhusu usafiri simtaji jina. Alijiita kampuni, kumbe dalali, lori hana. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya wote, na dereva "yuko tayari kabisa". Kisha dereva akawa anatafutwa. Kisha nikaambiwa madereva wanakataa, niongeze kidogo. Ndivyo mchezo huu unavyochezwa: dalali anatangaza mzigo wako kwa wenye malori kwa bei ambayo hakuna atakayeigusa, umeshakaa na kusubiri, halafu anakurudia wewe. Nilipomuuliza bima ya mzigo ni yake au ya mwenye lori, na kikomo chake ni kwa gari moja au kwa lori zima, akarudi kwenye habari ya bei. Nikaagana naye. Swali hilo la kikomo ni la maana: bima inayoonekana nene kwenye karatasi inakuwa nyembamba sana ikigawanywa kwa magari yote yaliyomo humo.

Niliyemchukua ni mzee mwenye lori lake na trela yake, anaendesha mwenyewe. Bei juu, maneno machache.

Kuna wanaosema trela ya kufunikwa ni majivuno, kwa kuwa magari mapya yakitoka kiwandani mengi husafirishwa kwenye malori ya wazi na yanafika salama. Ni kweli, na kama ningekuwa nimenunua gari la familia ningelipakia kwenye lori la wazi bila kufikiri mara mbili. Mvua na vumbi vinaoshwa. Tatizo la gari la michezo ni pua. C7 chini ya bampa ina kipande cha plastiki laini kinachoelekeza hewa, na hicho kimetengenezwa kikunjike kikigusa ardhi. Kikichakaa unanunua kingine. Mdomo wa bampa ulio juu yake haukunjiki. Lori la ghorofa mbili lina ngazi zenye mwinuko mkali, na ukiwekwa ghorofa ya chini unaombea gari lililo juu yako lisivuje mafuta.

Nilikuwepo wakati wa kupakia, na hapo ndipo niliona nalipia nini. Mzee alishusha ngazi, akachuchumaa na tochi, akatazama. Akarudi kwenye trela, akatoa mbao ndefu zilizochongwa kwa mteremko, akaziunga mbele ya ngazi ili gari lianze kupanda taratibu kutoka mbali zaidi. Akachuchumaa tena. Akaongeza ubao mmoja upande wa kulia tu, maana ardhi ilikuwa inainama. Muuzaji alianza kuchoka, akasema yeye huwa anapanda kwenye vizuizi vikubwa kuliko hivyo. Mzee hakumjibu. Alifunga winchi, akanikalisha mimi kwenye usukani, gia ikiwa huru, mguu kwenye breki.

"Hatuliwashi, mzee?" nikauliza.

"Klachi ya mtu siichezei, kaka. We nyoosha usukani tu."

Gari likavutwa sentimita kwa sentimita. Mara mbili alisimamisha winchi akaenda kupitisha kiganja kati ya mdomo wa bampa na ubao. Lilipofika ndani, mlango wangu ulikuwa umetazamana sawasawa na kidirisha kikubwa cha pembeni mwa trela, nikafungua na kutoka. Kwenye trela isiyo na kidirisha hicho, milango mirefu ya gari kama hili inagonga juu ya matairi ya trela na dereva anabaki mfungwa. Bahati ya Corvette hii ni kwamba paa lake linafunguliwa likatoka, kwa hiyo katika hali mbaya kabisa mtu angetokea juu. Nisingependa kuona viatu vya mtu vikikanyaga siti.

Ufungaji ndio uliomaliza wasiwasi wangu. Mikanda ilipita juu ya matairi na kushika sakafu. Hakuna kulabu iliyoingia chini ya gari. Mikono ya kushikilia magurudumu kwenye C7 ni ya aluminiamu, na mnyororo ukiivuta njia nzima huku gari likirukaruka, hupendi kujua matokeo. Mkanda wa juu ya tairi unaliacha gari licheze kwenye springi zake kama lilivyoundwa. Akaniambia atasimama baada ya mwendo mfupi aikaze tena, kwa sababu mikanda hulegea matairi yakishakaa vizuri.

Jambo jingine ambalo mwenye C7 yeyote alikumbuke kabla ya kupakia: milango ya gari hili haina kishikio cha kawaida. Unabonyeza, umeme unafungua. Betri iko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na buti nalo ni la umeme. Ndani kuna kiwiko cha kuvuta kwa mkono sakafuni, lakini hicho kinamsaidia aliye ndani. Kwa hiyo gari lisiondoke na betri iliyochoka. Nilimwomba muuzaji aichaji usiku wa kuamkia siku hiyo, na kengele ya wizi tukahakikisha imezimwa, isije ikalia kwa mtikisiko mpaka betri ikafa. Mafuta robo tanki yanatosha. Ya ziada ni uzito tu.

Karatasi ya ukaguzi ina mchoro wa gari kwa pande zote. Mzee alizunguka na tochi akaweka alama kila kasoro: kidoa cha jiwe kwenye pua, mkwaruzo wa ukingo kwenye rimu ya mbele kushoto, mstari mrefu kwenye mlango wa abiria. Nikapiga picha, tukasaini wote wawili. Alipofika nyumbani kwangu giza lilikuwa limeanza kuingia, nikataka kusaini haraka aende akapumzike. Akakataa. Alisema ukishasaini kwamba limefika salama, kesho ukiona kasoro hakuna wa kukusikiliza. Tukalisogeza kwenye taa, tukapitia mchoro ule ule alama kwa alama. Hakukuwa na mpya.

Lawama yangu kwake ni moja: njiani hapatikani. Simu haipokelewi, ujumbe haujibiwi, na muda wa kufika ulisogea bila taarifa. Mtu mwenye gari lake ndani ya trela ya mtu asiyemjua anahitaji neno moja tu, "nakuja". Hakulituma.

Sasa rangi. Kwenye picha za muuzaji gari liling'aa mno, na hata siku ya kulikagua liling'aa. Jeusi likishapakwa polishi ya kuzibia, yenye mafuta mengi, mikwaruzo midogo inajaa na jicho halioni kitu. Polishi hiyo inaondoka kwa shampuu chache. Nilitarajia hilo, ndiyo maana fundi nilimtafuta hata kabla trela haijafika.

Karakana moja (nayo siitaji) iliniahidi ripoti ya unene wa rangi kwa kila kipande cha bodi, ikiwa na picha za kipimo. Nikauliza kipimo chao ni cha aina gani. Cha kawaida, wakasema, kinasoma kila gari. Haiwezekani. Vipimo vya kawaida vinategemea kuwe na chuma au aluminiamu chini ya rangi. Corvette tangu ya kwanza ya 1953 bodi yake si ya chuma. Kwenye C7 boneti na paa ni nyuzi za kaboni, na milango na madigadi ni za plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi. Kuipima rangi hiyo unahitaji kifaa cha mawimbi ya sauti, ambacho ni ghali na wengi hawana. Ripoti waliyotaka kunipa ingetoka hewani.

Fundi niliyempa kazi, kitu cha kwanza alichosema kwenye simu ni hiki: "Kama ni Corvette, kipimo changu hakisomi. Nitakata kidogo kuliko ninavyoweza, na kuna mikwaruzo utabaki nayo." Nikamwambia njoo.

Uoshaji ulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Povu kwanza, likaachwa likokote vumbi chini bila kuguswa. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa. Kisha dawa ya kuyeyusha chembe za chuma zinazotoka kwenye breki, ambayo ikikutana nazo inageuka zambarau. Rimu zote zikachuruzika rangi hiyo, na nyuma ya magurudumu ya mbele pia. Inanuka vibaya sana, ifanyieni nje. Madoa ya lami yakaondolewa kwa dawa yake, na mwisho udongo laini ukapitishwa bodi nzima juu ya maji ya kuteleza mpaka kiganja kisisikie chembe.

Ndipo akafuta boneti kwa spiriti na kuwasha taa yake. Polishi ya muuzaji ikaondoka pale pale na ukweli ukabaki: utando wa buibui kila taa ilipoelekea, alama za brashi za mashine ya kuoshea na vitambaa vikavu. Kwenye jeusi hakuna pa kujificha.

Hakukimbilia mashine. Alibandika mkanda wa karatasi kwenye kijisehemu cha digadi la nyuma, akajaribu sponji laini na polishi nyepesi. Klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ikacheka tu; kwenye gari hili ni ngumu. Akapanda daraja moja, kisha jingine, mpaka akapata mchanganyiko unaotoa mikwaruzo mingi kwa mpigo mmoja, halafu akaurudia mpigo wa pili kwa polishi laini kuondoa ukungu. Mashine aliyotumia ni ile ambayo kitako chake kinazunguka huku kikiyumba, si ya mzunguko mmoja inayochoma rangi haraka. Kila baada ya kipande alikuwa anaelekeza kipimajoto kwenye bodi. Chuma kinasambaza joto. Plastiki na kaboni vinalikalisha pale pale juu, na klia inaweza kuungua kabla hujanusa kitu. Kingo za boneti, ambako rangi huwa nyembamba, alizifunika kwa mkanda na kuzimalizia kwa mkono.

Ule mstari wa kwenye mlango niliomba aupige msasa wa maji. Akapitisha ukucha, ukucha ukakwama kidogo. Akakataa. Klia nzima kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na asipoweza kupima iliyobaki hawezi kujua lini atatokea upande wa pili. Aliuzungusha kwa polishi tu, kingo zake zikalainika, na sasa unauona ukiwa umesimama pembeni kabisa na jua nyuma yako. Ningelipa zaidi uondoke. Yeye ndiye aliyekataa kuichukua pesa hiyo.

Baada ya polishi, filamu ya kulinda rangi kwenye bampa, boneti na nyuma ya magurudumu ya mbele, mahali ambapo C7 inajipiga mawe yenyewe kwa kuwa madigadi yake ya nyuma ni mapana. Kisha koti la seramiki juu ya vyote. Mpangilio ni huo, filamu kwanza, kwa kuwa gundi haipendi kushika juu ya seramiki. Kuhusu seramiki alikuwa mkweli kuliko matangazo yake mwenyewe: ile "9H" inayoandikwa kwenye chupa ni kipimo cha ugumu kwa kukwaruza na penseli, haina maana kwamba jiwe litaruka. Ni tabaka la mikroni moja hivi; maji yanakimbia, uchafu haugandi, kuosha kunakuwa rahisi. Jiwe linazuiwa na filamu, ambayo ni nene mara nyingi zaidi.

Kasoro zipo. Nilikuta polishi nyeupe iliyokauka kwenye mianya ya taa za nyuma na pembeni ya nembo, nikaitoa mwenyewe kwa brashi ya meno. Dawa ya kung'arisha tairi aliipaka nyingi mno, na mwendo wa kwanza tu ikarusha madoa meusi kwenye milango aliyotoka kuitengeneza. Na rimu alizipaka koti upande wa nje tu, bila kuzifungua. Ndani bado vumbi la breki linaganda kama zamani.

Hilo la rimu tumelizungumza. Tairi za nyuma zinakaribia kuisha, na zikitolewa atakuja kuzipaka rimu ndani na nje zikiwa mezani. Ila amesisitiza mtu wa tairi abalansi kwanza, kwa sababu vile vyuma vidogo vya uzito vya kubandika kwa gundi havishiki juu ya seramiki, na hataki kuitwa siku ambayo usukani umeanza kutetemeka.