Shoo ya pomboo bwawani: natoa nyota mbili

Nilienda kwa ajili ya mwanangu, alinisumbua wiki nzima. Shoo yenyewe kiukweli imepangika, inaanza kwa wakati, viti viko karibu na maji, ila muziki jamani, masikio yaliniuma mimi, sembuse hawa wanaoishi kwa kusikia. Wanaruka, wanapiga mpira kwa mkia, watoto wanashangilia. Mtangazaji anasema oneni anavyotabasamu! Lile si tabasamu, ni umbo la taya tu, pomboo hata akiwa mgonjwa sura ndo hiyohiyo.

Kilichoniharibia siku kilikuja baada ya shoo. Watu wametoka, sisi tukabaki tunamwangalia mmoja anazunguka bwawa, upande uleule, anarudi palepale, upande uleule, nikaanza kuhesabu nilipofika arobaini na kitu nikaacha. Baharini pomboo anakata makumi ya kilomita kwa siku, na wale wa maji marefu wanazama mamia ya mita. Sasa sheria ya Marekani kiwango cha chini cha bwawa ni upana wa mita 7.3 na kina kisichofika hata mita 2, na mnyama mwenyewe ana mita mbili na nusu hadi tatu, we piga hesabu.

Nikamfuata dada anayewalisha, nikamuuliza mbona unaficha vidonge ndani ya samaki. Akasema ni vitamini, samaki wakikaa kwenye friza zinapungua, na maji pia, na pomboo maji yake mengi anayapata kwenye samaki. Kule nje anatafuta mwenyewe, anatoa mlio unagonga samaki mwangwi unamrudia. Shark Bay, Australia, wapo wanaovaa sponji ya baharini mdomoni wasichubuke wakifukua chini ya bahari, na mtoto anajifunza kwa mama yake. Hapa afukue nini, vigae?

Haya, nisiwe mnafiki, bwawani hakuna papa wala nyavu za wavuvi, na daktari yupo. Baharini wengi wana makovu na wengine wanafia kwenye nyavu. Lakini India walikataa mabwawa haya 2013, Kanada wakapitisha sheria 2019, Ufaransa 2021, si bure.

Baadaye tulienda kuwaona kwa boti. Tumesubiri weee, jua linachoma, ghafla mapezi kama sita hivi na mtoto mdogo kambana mama yake ubavuni, nahodha akazima injini, dakika kumi tu wakajiondokea zao na hakuwafukuza. Mwanangu akanuna njia nzima, anataka wale wa mpira.

Kwa hiyo nyota mbili za bwawani, moja ya vyoo, visafi kwelikweli, nyingine ya yule dada aliyenijibu kila swali bila kunikwepa.